Recall: Hatari Haikuwa Kwenye Picha

Microsoft ilipotangaza Recall, Mei 20, 2024, kilichowashtua watu wengi ni picha. Programu hiyo ya Windows hupiga picha ya skrini kila baada ya sekunde chache, ili mwenye kompyuta aweze kuuliza baadaye, kwa maneno yake mwenyewe, ule waraka wa bajeti alioupitia wiki iliyopita uko wapi, na kuletewa. Hofu ilikuwa ya haki, ila iliangukia pasipo mahali pake. Maelfu ya picha peke yake ni mzigo hata kwa mwizi: ni nzito kuzihamisha, na lazima azipekue moja moja. Thamani inazaliwa katika hatua inayofuata, pale programu inaposoma maandishi ya kila picha na kuyapanga kwenye hifadhidata, yakawa yanatafutika kwa neno moja tu. Faharasa hiyo ndiyo mali yenyewe, na ndiyo iliyoachwa bila kufuli.

Mtafiti wa usalama Kevin Beaumont aliichunguza Recall kabla haijaingia sokoni akakuta hifadhidata ya kawaida ya SQLite, imekaa ndani ya folda ya mtumiaji, maandishi yakisomeka waziwazi. Muda si muda Alexander Hagenah akatoa zana aliyoiita TotalRecall, inayokusanya yote hayo bila taabu. Kujitetea kwa Microsoft kwamba data haitoki kwenye kompyuta na kwamba diski imesimbwa hakukutosha. Usimbaji wa diski unamkinga mtu aliyeibiwa kompyuta ikiwa imezimwa. Akishaingia mwenyewe, diski iko wazi kwa kila programu inayoendeshwa kwa jina lake, hata ile hasidi.

Ipo hoja nzito zaidi: mdukuzi aliyekwisha kuingia ataona kila kitu hata bila Recall. Ni kweli, lakini ataona kuanzia siku aliyoingia. Itambidi avizie mpaka ufungue barua ya daktari au akaunti ya benki. Faharasa inamkabidhi siku zilizopita. Kwenye diski ya GB 256, Recall hutengewa GB 25, zinazotosha takriban miezi mitatu. Ujumbe uliousoma na kuufuta mwezi uliopita bado umo.

Juni 7 kampuni ilitangaza kwamba Recall haitawashwa mpaka mtumiaji mwenyewe akubali, na Septemba ikaeleza muundo mpya: picha na faharasa zimesimbwa, funguo zinalindwa na chipu ya TPM, na utafutaji unafanyika ndani ya eneo la kumbukumbu lililotengwa, baada ya mtumiaji kujithibitisha kwa uso au alama ya kidole. Hii ni kazi nzuri ya uhandisi, na kwa sababu hiyohiyo inauma kwamba haikufanywa mwanzo. Recall ilipotolewa rasmi Aprili 2025, kufuli lilikuwepo.

Lakini kufuli hilo ni la mwenye kompyuta. Aliyemwandikia hakuulizwa kama maneno yake yaingizwe kwenye faharasa. Mei 2025 Signal, programu ya kutumiana ujumbe, iliamua kujikinga kwenye Windows 11 kwa kutumia alama iliyobuniwa kuzuia filamu zisinakiliwe, hivyo dirisha lake likipigwa picha hutoka jeusi. Ililazimika kukiri kwamba kinga hiyo inaweza kuvuruga programu zinazowasomea skrini watu wasioona, kwa kuwa Windows haikuwa imeipa njia nyingine ya kusema: hapa usirekodi.