Endulen: hospitali inavyopunguzwa bila kufungwa

Hospitali ya Endulen, katika tarafa ya Ngorongoro, haikubandikwa tangazo la kufungwa mlangoni. Ugumu wa kuitetea ulianzia hapo, na ndiyo maana nawaandikia watu wa Serengeti na Tarime, majirani wa ng'ambo ya hifadhi.

Endulen ni ya Kanisa Katoliki, Jimbo Kuu la Arusha, nayo ilitegemea mkono wa serikali kwa fedha na watumishi. Mwaka 2022, mpango wa serikali wa kuwahamishia wakazi wa Ngorongoro Msomera, wilayani Handeni, ulipopamba moto, vyote viwili vikapunguzwa. Aprili mwaka huohuo Flying Medical Service, iliyokuwa ikirusha ndege ndogo za tiba tangu 1983, ikazuiwa kuruka. Ndege hizo hazikubeba mahututi tu. Zilitua kwenye viwanja vya vumbi na kasha la chanjo na muuguzi wa kliniki. Mjamzito akapimwa, mtoto akachanjwa, na kila mmoja akaondoka na tarehe ya kurudi.

Kila hatua ilikuwa na ofisi yake. Ndege ni mambo ya mamlaka ya anga, watumishi ni mambo ya halmashauri na wizara. Mlalamikaji anazungushwa tu, kwa sababu barua ya ndani haioni na kibali kisichohuishwa hakitangazwi popote. Wakazi walipaza sauti, waandishi wa habari na watetezi wa haki za binadamu wakawasikiliza, na miaka miwili ikapita.

Kisha ikaja karatasi. Tarehe 2 Agosti 2024 lilitoka Tangazo la Serikali Na. 673, likafuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya tarafa hiyo. Sasa kulikuwa na namba na tarehe, kitu ambacho hakimu anaweza kukisoma. Tarehe 18 Agosti watu waliovaa mashuka wakakaa kwenye barabara ya watalii, magari yakapanga foleni, na wakarudi siku zilizofuata. Mkazi mmoja akaenda Mahakama Kuu Arusha, ambayo tarehe 22 ilisimamisha tangazo. Kesho yake Waziri William Lukuvi akafika na kuwaambia kwamba Rais ameagiza huduma za jamii zirejeshwe na wakazi wapige kura hapohapo walipo.

Wengi husifu barabara peke yake. Nionavyo mimi, barabara ilileta haraka, na mahakama ikaipa serikali njia ya kisheria ya kurudi nyuma. Tena wakazi walichagua vizuri kuanzia kwenye tangazo: kijiji kikifutwa, hakuna serikali ya kijiji, hakuna kamati ya zahanati, wala muhtasari wa mkutano wa kuombea dawa. Ila amri ya mahakama ilihusu tangazo. Huduma zilibaki kwenye ahadi ya mdomo, na ahadi ya mdomo ni ngumu kuidai.

Sasa nije kwenu. Mugumu, wilayani Serengeti, kuna Hospitali Teule ya Nyerere, ya Kanisa la Mennonite, na halmashauri nayo imejenga hospitali yake. Tarime mjini ipo Bomani, na halmashauri ya wilaya ina hospitali Nyamwaga. Hospitali mpya ni heri, nami naifurahia kwa moyo wote. Hofu yangu ni pale mishahara, dawa na madaktari vinapohama kimyakimya kutoka hospitali ya zamani, na mama mwenye uchungu akawa wa kwanza kupata habari, usiku, akiambiwa atafute gari.

Penye hospitali ya kanisa, anzeni na mkataba wa huduma kati ya halmashauri na kanisa. Unataja watumishi wangapi wanaolipwa na serikali? Notisi ya kuuvunja ni ya miezi mingapi? Mwakilishi wa wananchi kwenye bodi ya afya ya halmashauri auombe. Diwani aulize kwenye baraza ili jibu liingie kwenye muhtasari, na aulize mapema, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1 na bajeti hupikwa miezi mingi kabla.

Na wekeni daftari lenu. Kila mwezi andikeni kama daktari wa upasuaji alikuwepo, gari la wagonjwa lilitembea au liliegeshwa, wajawazito wangapi walipewa rufaa na walipelekwa wapi. Mwezi ambao huduma zitaanza kushuka, mtakuwa na tarehe ya kupeleka kwa mkurugenzi, na ikibidi, mahakamani.