Kuukata Ruvuma

Mgeni akisimama Kilambo, kusini mwa Mtwara mjini, hudhani mvushaji amepotea. Ng'ambo ya Msumbiji iko mbele yake, lakini omo ya mtumbwi inaelekea juu, kule mto unakotoka. Anapiga kafi utadhani anakwenda Newala. Kumbe kila anapopanda kidogo mkondo unamshusha kidogo, na mtumbwi unatua palepale alipopataka.

Watu husifu mikono ya wapiga kafi. Mimi nalisifu jicho. (Wenye mashine siwasemi hapa.) Fundi hashindani na mto, bali huulazia ubavu wa mtumbwi kwa pembe ndogo, mto umsukume avuke. Omo ikilala mno upande wa ng'ambo, mkondo unaikamata na kuigeuza kuelekea baharini. Ikinyooka mno kwenda juu, anatoka jasho na hasogei. Wanaoshuka maporomoko ya Naili karibu na Jinja, Uganda, huvuka mkondo kwa pembe hiyohiyo, wamevaa kofia ngumu na maboya. Ila miamba ya Jinja haihami.

Ruvuma hapa chini ni mchanga mtupu, na mafungu huhama mafuriko ya masika yakipita. Uliyoyajua mwaka jana hayakusaidii. Bamvua ikijaa, bahari inaingia mtoni. Maji yakipwa, mto unatoka kwa kasi, na kusi ikiupiga usoni, mlangoni huinuka mawimbi mafupi yasiyo na mpangilio. Mvushaji husoma uso wa maji tu. Vikunjo vidogo vinavyochezacheza ni fungu: aweke kafi, ashike upondo. Maji laini yaendayo kimya ni kilindi. Viboko hawasomeki, hao huzungukwa kwa mbali.

David Livingstone aliingia mto huu mwaka 1861 na meli ya mvuke, Pioneer, akageuza maji yalipoanza kupungua. Mwaka 1862 alirudi na mashua, akapanda mbali zaidi hadi miamba ikamzuia. Mwaka 1866 alishuka Mikindani, akaenda kwa miguu. Kila safari chombo kilipungua, mpaka kikaisha kabisa, na wenyeji wa kingo zote mbili waliendelea kuvuka kwa magogo yao yaliyochongwa.

Daraja la Umoja lilifunguliwa mwaka 2010, lakini liko Mtambaswala, mbali sana huko juu. Mtu wa Kilambo mwenye ndugu ng'ambo hawezi kuzunguka huko kwa ajili ya msiba wa jioni. Pantoni nayo ilingoja maji yajae. Mtumbwi hupita hata penye maji ya magotini, na abiria hatakiwi mengi: akae chini katikati, asishike kingo, na asimwelekeze mvushaji njia.