Sifa za Muratina

Kazi ya kutengeneza muratina, pombe ya kienyeji ya Wakikuyu wa Kenya, huanzia mtini. Mwegea huzaa matunda marefu, mazito, yanayoning'inia kwa vikonyo virefu mithili ya kamba, na tunda moja huweza kupita kilo tano. Likiwa bichi ni sumu. Fundi hulipasua, akalianika, akalichemsha, kisha akalianika tena hadi nyama yake ibaki nyuzi kavu, nyepesi mkononi. Hapo hulilowesha katika asali iliyozimuliwa, akaliacha mahali penye joto kwa siku moja, akalikausha upya. Tangu siku hiyo hamira ya asili imeshakaa ndani ya nyuzi zile, ikingoja kazi.

Siku ya kazi, asali huchanganywa na maji, au miwa ikakamuliwa, na vipande vya tunda lile vikatumbukizwa ndani ya kibuyu. Nyeri, katikati ya Kenya, ni nchi ya baridi, hasa mwezi wa Julai, kwa hiyo kibuyu hukaa karibu na meko. Siku ya pili povu hupanda. Fundi hutega sikio asikilize mchemko, akanusa, akajua bado au tayari. Pombe ikishachujwa, vile vipande havitupwi: huanikwa juani vikasubiri asali nyingine.

Huko Bordeaux, Ufaransa, mvinyo mwekundu hupata rangi kwa kuachwa uchachuke pamoja na maganda ya zabibu, na wako mafundi ambao hadi leo hutegemea hamira iliyokuja na zabibu zenyewe. Dunia huwasifu, na wanastahili. Lakini mzee wa Tetu au Mukurweini, huko Nyeri, anayetunza vipande vyake vya muratina ana elimu ya aina ileile, aliyoipokea kwa kutazama mikono ya waliomtangulia. Chupa ya Mfaransa huwekwa miaka. Muratina hunywewa siku zake zikingali chache, na watu wakiwa wamekusanyika. Katika ruracio, wakati wa kujadili mahari, mzee humimina kidogo chini kabla ya kuonja, akaomba baraka, ndipo pembe ya kunywea ikapita kutoka mkono hadi mkono.

Kwa miaka mingi vileo vya kienyeji viliminywa na sheria, hadi sheria mpya ya vileo ya mwaka 2010 ilipovifungulia mlango wa leseni. Hatari iliyobaki ni haraka. Anayetia sukari badala ya asali na hamira ya dukani badala ya tunda hupata pombe ya kuuza kesho, lakini hiyo si muratina. Tukitaka ufundi huu uishi, tupande miegea kando ya mito, tufuge nyuki, na tukubali kumlipa fundi bei ya asali na bei ya subira yake. Vijana nao wakae na wazee hawa jikoni sasa, wangali na nguvu za kufundisha.