Nasaba ya Lugha za Rufiji: Tahakiki ya Herufi P

Katika orodha za Malcolm Guthrie, lugha ya watu wa bonde la Rufiji haikuitwa Kirufiji; iliitwa Ruihi, ikapewa herufi P na tarakimu 12. Juu yake yupo Mndengereko wa nchi ya Kibiti na kandokando yake, P11; chini yake Mmatumbi wa vilima vya kusini ya mto, P13; kisha wanafuata Mngindo, P14, na Mmbunga, P15. Kiswahili kiko mbali nao wote, katika herufi G. Mpango huo ulitoka mwaka 1948, ukatengenezwa upya katika vitabu vinne vya *Comparative Bantu*, baina ya 1967 na 1971, na tangu hapo herufi zake zimeenea katika vitabu vya isimu hata zikasahauliwa asili yake. Mwanafunzi akiulizwa Kindengereko ni lugha ya ukoo gani hujibu upesi, "P", kana kwamba P ni jina la babu.

P si babu wa mtu. Guthrie aliitazama ramani, akaigawa nchi ya Wabantu katika kanda, na ndani ya kila kanda akakusanya lugha zilizokaribiana kwa tabia na kwa makao. Faida ya kazi hiyo ni kubwa, maana hata leo anayetaka kutofautisha lugha mbili zenye jina moja hukimbilia tarakimu zake. Lakini anuani ya nyumba haionyeshi damu ya wakaaji. Ushahidi ulio karibu ni Kiswahili chenyewe. Guthrie alikiweka katika G42, akaviweka Kipokomo na Kigiriama mbali, katika E71 na E72. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha 1993 juu ya Kiswahili na Kisabaki, walithibitisha kwa sheria za sauti na kwa sarufi kwamba hao waliotengwa kwa herufi ni ndugu wa tumbo moja: Kiswahili, Kipokomo, Kimijikenda, Kingazija na wenziwe. Na Mzaramo, aliyekuwa pamoja na Mswahili katika G, akaonekana kuwa ni binamu wa mbali zaidi. Ikiwa herufi zimewapoteza ndugu wanaojulikana hivi, haifai kuziamini bila ya kuuliza zinapowahusu wasiojulikana.

Iko hatari nyingine, nayo inatoka upande wa pili. Ni ile hoja kwamba Kindengereko na Kirufiji si lugha hasa, bali ni Kiswahili cha mashamba kilichopotoka. Mwenye kusema hivi hutaja maneno yanayofanana, na kweli hayakosi. Lakini maneno hayo ni ya namna mbili, na kuyachanganya ndilo kosa lenyewe. Mengine ni urithi wa Wabantu wote, yapatikanayo Kilwa kama yapatikanavyo Kongo. Mengine yameingia kwa majahazi. Kwa muda mrefu vyombo vya Unguja na vya Ghuba vilipita katika milango ya delta kupakia boriti za mikoko, na pamoja na biashara yalikuja maneno ya bei, ya dini na ya serikali. Neno lililonunuliwa sokoni haliwi ushahidi wa kuzaliwa pamoja. Hapa hata hesabu ya maneno, kama ile ya Nurse na Gérard Philippson iliyochapishwa mwaka 1980 katika *Language in Tanzania*, yataka kusomwa kwa tahadhari: jirani akikopa sana, hesabu humfanya ndugu.

Mahali ambapo mambo haya mawili, anuani na nasaba, yameshindaniwa kwa muda mrefu ni katika lugha za Kiselti za Ulaya, nazo zaweza kumfaa mchunguzi wa Rufiji kwa mfano. Zilizobaki hai au kufufuliwa ni matawi mawili: Kigaeli, yaani Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti na Kimanksi cha kisiwa cha Man, na tawi la Kibritoniki, yaani Kiwelisi, Kikorni na Kibretoni. Alama inayotajwa kwanza ni sauti moja. Pale ambapo Mwayalandi husema *ceann* kwa kichwa, Mwelisi husema *pen*. *Mac* kwa mwana, na mwenziwe *mab*. *Ceathair* kwa nne, na mwenziwe *pedwar*. Ya kale ilikuwa *kw*. Waweli wakaigeuza *p*. Kwa alama hii wako waliozigawa lugha zote za Kiselti mafungu mawili, hata wakawaunganisha Wagaeli na Waselti wa kale wa Hispania, ambao nao hawakuwa na *p* hiyo.

Hoja hiyo ina tundu. Hispania ile *kw* ilikaa vile vile ilivyorithiwa, na mababu wa Wagaeli nao walikuwa nayo bado walipoanza kuandika. Watoto wawili wa ukoo mpana wakitunza kila mmoja jembe la babu, haithibitishwi kwamba walilelewa nyumba moja. Nasaba ya karibu huonyeshwa na mageuzi yaliyofanywa pamoja, si na urithi uliotunzwa pamoja. Ndiyo maana wataalamu wengine wanasisitiza kwamba Kigaeli na Kiwelisi, vyote viwili vya visiwani, vina mageuzi ya sarufi yanayoviunganisha, na mjadala haujafungwa.

Kipimo hicho kikirudishwa Rufiji, kinakata pande zote mbili. David Odden, katika kitabu chake cha 1996 juu ya Kimatumbi, ameonyesha lugha yenye irabu saba, yenye kutofautisha ndefu na fupi, na yenye vidatu vya juu na chini. Kiswahili kina irabu tano, na vidatu hakina. Kiambishi *lu-* cha Kimatumbi, Kiswahili kimekipunguza kuwa *u-*, kama katika ulimi na ukuta. Kivuli cha kiambishi hicho msomaji anakiona bado katika majina ya mito, Rufiji, Ruvu na Ruaha. Basi madai ya kwamba hiki ni Kiswahili kilichopotoka yanageuka juu chini, kwani katika mambo haya aliyeiacha njia ya wazee ni Kiswahili. Lakini irabu saba na *lu-* ni jembe la babu. Zinamtoa Mmatumbi katika lahaja za Kiswahili. Hazitoshi kumwunganisha na Mndengereko wala na mwingine yeyote.

Nurse na Philippson, mwaka 2003, walijaribu njia ya kihistoria, wakaziweka lugha za Rufiji katika jamaa kubwa ya Rufiji na Ruvuma, pamoja na Kimwera, Kimakonde na Kiyao. Huo ni mwelekeo wa kusini, wala si wa Kiswahili. Ni hatua mbele ya herufi P, ingawa ndani ya jamaa hiyo kazi ya kupambanua nani alizaliwa na nani bado ni changa. Na ugumu umeongezeka: baada ya gharika ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha watu wa bondeni kwenda nchi ya juu, wakawa karibu zaidi na Wandengereko. Mfanano unaosikika leo kati ya Kirufiji na Kindengereko waweza kuwa wa udugu wa kale, au wa ujirani wa nusu karne iliyopita.

Majina ya nasaba si mchezo wa wasomi peke yao. Mwaka 1616 Baraza la mfalme huko Uskoti lilitaka Kigaeli kikomeshwe, na katika amri hiyo liliiita "lugha ya Kiayalandi". Kwa udugu, jina hilo lilikuwa na ukweli wake. Kwa kusudi, lilikuwa la kumfanya mwenye nchi kuwa mgeni. Kindengereko hutendewa kinyume: huitwa Kiswahili, na mwenye lugha huambiwa kwamba hana cha kupoteza. Eva-Marie Ström, katika tasnifu yake ya Gothenburg ya 2013, aliieleza lugha hiyo sauti na maumbo yake, na akaonyesha kwamba vijana wanaiacha kwa Kiswahili.

Udugu ukijulikana kwa usahihi, hufaa. Tahajia ya Kimanksi imefuata mtindo wa Kiingereza, hata macho ya Mwayalandi hayaoni ndugu katika maandishi yake. Sikio liliona. Mwaka 1948 Tume ya Ngano ya Ayalandi ilipeleka chombo cha kunasia sauti katika kisiwa cha Man, ikawarekodi wazee wachache waliobaki; Ned Maddrell, wa mwisho wao, alifariki mwaka 1974. Sahani hizo ziko, na wanaojifunza Kimanksi leo huzisikiliza.

Wazee wa Kibiti na wa visiwa vya delta waliokulia katika lugha zao kabla ya 1968 wamo katika umri wa wazee wale wa Man. Wao ndio wanaoweza kutoa lililokosekana katika orodha zote: matamshi ya bondeni kabla ya kuhama, yawekwe mbele ya matamshi ya nchi ya juu, sauti kwa sauti, ili ijulikane ni mageuzi gani Mruihi na Mndengereko waliyafanya pamoja na Mmatumbi hakuyafanya.