Bibi Harusi Aliyenyimwa Zamu: Filamu ya Ngoma ya Carlos Saura

Katika mijadala yetu ya fani na maudhui, ngoma huwekwa upande wa fani, tena mahali pa mapambo. Mimi mtoto wa Chunya naona ubishi huo ungekwisha tungetazama Bodas de Sangre, filamu ya Mhispania Carlos Saura ya mwaka 1981. Chunya na Hispania wapi na wapi? Subiri kidogo.

Kisa ni cha tamthiliya ya Federico García Lorca, iliyoonyeshwa Madrid mwaka 1933, siku ambazo kwetu Lupa watu walikuwa wakifukua dhahabu. Lorca alikichota kwenye tukio la kweli la 1928 karibu na Níjar. Bibi harusi anatoroka na mpenzi wa zamani siku ya arusi, na wanaume wawili wanauana kwa visu. Mwaka 1974 Antonio Gades alikigeuza ngoma ya flamenko. Saura anatuonyesha mazoezi tu: wachezaji wanajipodoa, wanaingia chumba kitupu, wanacheza. Mandhari hakuna.

Pambano la visu ndilo jaribio lenyewe. Linachezwa polepole mno, muziki umekatwa, unasikia pumzi. Wala si ujanja wa kamera, bwana! Ni miili inayojizuia. Kila hatua inaonyesha kwamba hawa wawili wangeweza kuacha, na hawaachi. Mazungumzo ya kurasa ngapi yangefanya hivyo?

Ugomvi wangu uko mwishoni. Kwa Lorca, Bibi Harusi anamkabili mama wa marehemu na kujieleza kwa nini alikwenda. Ngoma imeyafuta maelezo hayo. Cristina Hoyos, mchezaji bora kuliko wote humo, anabaki na gauni jeupe lenye damu. Sasa Chunya inaingia: kwetu msichana akitoroshwa, wazee hukaa, hujadili ng'ombe na faini, kila mtu ana la kusema isipokuwa yeye. Lorca alimpa nafasi ambayo kikao hicho hakimpi. Filamu inamrudisha kikaoni, anyamaze.

Eti mwili wake umesema. Umesema nini? Huzuni, sawa. Hoja je? Wanaume wamepewa pambano zima la kubishana kwa viungo vyao, kwa hiyo ngoma inaweza. Gades angemtungia mama yule na mkwewe dakika tatu tu, uso kwa uso, kwa miguu ile ile. Hakutunga.