Upepo, Fimbo na Ukuta wa Maji: Imani na Ushahidi katika Masimulizi ya Kuvuka Bahari

Masimulizi ya Waisraeli kuvuka bahari, yanayopatikana katika sura ya 14 na ya 15 za kitabu cha Kutoka, yamezaa maelezo mengi ambayo hayapatani. Wapo wanaoyatetea kuwa ni tukio lililovunja kanuni za maumbile. Wapo wanaotafuta upepo, kupwa kwa maji au mlipuko wa volkano ulioweza kulisababisha. Na wapo wanaoyahesabu kuwa hekaya tupu. Makundi haya matatu hubishana vikali, lakini yanaafikiana juu ya jambo moja ambalo halijahojiwa ipasavyo: yote huisoma matini kana kwamba ni taarifa ya shahidi mmoja aliyesimama ufuoni akaeleza alichokiona. Makala haya yanashikilia kwamba shahidi huyo hayumo. Zilizomo ni sauti kadhaa, na maelezo yanayoshindana leo yalianza kushindana ndani ya aya zenyewe.

Pa kuanzia ni aya ya 21 ya sura ya 14. Inaanza na Musa akiunyosha mkono wake juu ya bahari na kuishia na maji kugawanyika. Katikati yake, hata hivyo, mna jambo jingine: Mungu anaisukuma bahari kwa upepo mkali wa mashariki, usiku kucha, hadi nchi kavu inatokea. Upepo wa usiku kucha ni kazi ya polepole ambayo mvuvi yeyote anaielewa. Mkono unaonyoshwa na maji yakapasuka ni kazi ya mara moja. Aya ya 22 inaendelea na mkondo wa pili, ambapo maji ni ukuta kuumeni na kushotoni, nao watu wanapita katikati. Lakini ifikapo zamu ya alfajiri mkondo wa kwanza unarudi: magurudumu ya magari ya Wamisri yanakwama, jeshi linafadhaika, bahari inarejea mahali pake pa kawaida kulipokucha, nao Wamisri wanaikimbilia. Anayekimbilia bahari hakuwa katikati ya kuta mbili za maji. Alikuwa kando yake.

Tangu enzi za Julius Wellhausen katika karne ya 19, wataalamu wa Agano la Kale wameitenganisha mikondo hii na kuinasibisha na waandishi wawili, mmoja wa mapokeo ya zamani na mwingine wa jamii ya makuhani. Nadharia yenyewe imepingwa na kurekebishwa mara nyingi, hasa kuhusu tarehe za vyanzo hivyo, na hapana haja ya kuirudia yote hapa. Linalomhusu mhakiki wa fasihi ni swali ambalo utenganishaji huo hauliulizi: kwa nini aliyeziunganisha sauti hizi hakuchagua moja? Hakuwa mtu asiyeona. Angeweza kuufuta upepo ili muujiza uwe safi, au kuziondoa kuta ili kisa kiaminike kwa wepesi. Alisuka vyote viwili katika sentensi moja na kuuacha mshono uonekane. Kuuita mshono huo kosa la uhariri, kama walivyofanya baadhi ya wafuasi wa Wellhausen, ni kumdai mhariri wa kale jambo ambalo hakulikusudia, yaani maelezo mamoja.

Tatizo huzidi kina tunapofika sura ya 15. Wimbo uliomo humo unadhaniwa na wataalamu wengi kuwa wa kale kuliko masimulizi ya nathari yaliyoutangulia, ijapokuwa wapo wanaoukanusha ukale huo. Jambo la kustaajabisha ni yale yasiyokuwemo. Katika beti zenyewe fimbo ya Musa haitajwi, wala mkono wake, wala Musa mwenyewe. Wala haisemwi kwamba Waisraeli walipita baharini kwa miguu mikavu. Kauli hiyo huja katika aya ya 19, ambayo ni nathari. Wimbo unasema tu kwamba adui alitupwa baharini akazama kama jiwe, kama risasi. Frank Moore Cross, katika kitabu chake cha mwaka 1973, alipendekeza kwamba ukisomwa peke yake wimbo huu unahusu dhoruba inayowazamisha Wamisri majini. Pendekezo lake halikukubaliwa na wote, lakini lilifungua mlango ambao haujafungwa: yamkini ile taswira ya maji kusimama kama chungu, ambayo katika wimbo ni sitiari ya nguvu za Mungu, ndiyo iliyokuja kusimuliwa baadaye katika nathari kama ukuta halisi. Ikiwa ndivyo, wanaotafuta upepo wa kuujenga ukuta huo wanatafuta sababu ya kimaumbile ya tamathali ya usemi.

Lugha ya asili inazidisha utata huu, na hapa msomaji wa Kiswahili ana la kujifunza kutokana na tafsiri zake. Neno la Kiebrania *ruach* linabeba maana tatu ambazo Kiswahili huzigawa: upepo, pumzi na roho. Nathari ya sura ya 14 ina *ruach* ya mashariki, na kila mfasiri huandika upepo. Wimbo una *ruach* ya mianzi ya pua ya Mungu, na mfasiri anaweza kuandika pumzi. Kwa Mwebrania neno lilikuwa moja. Swali la kama ni maumbile au ni Mungu halikuweza kuulizwa kwa urahisi na mtu ambaye lugha yake haikuyatenganisha. Wafasiri wa Aleksandria waliotafsiri Kutoka kwa Kiyunani katika karne ya 3 K.K. nao hawakuwa waangalifu kama wahesabu wa leo, kwani upepo wa mashariki waliugeuza ukawa wa kusini.

Jina la bahari nalo lina kisa chake. Kiebrania kinasema *yam suf*. Neno *suf* hutumika katika Kutoka 2 kwa mafunjo ya mto ambamo mtoto Musa alifichwa, na kwa sababu hiyo wengi hudai kwamba ilikuwa ziwa la matete na wala si bahari kuu. Lakini 1 Wafalme 9:26 hutumia jina lilo hilo kwa maji yaliyo karibu na Esion-Geberi, ambayo leo tunayaita Ghuba ya Akaba. Wayunani waliandika Bahari Nyekundu. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952 ilichukua jina la mabaharia, Bahari ya Shamu, yaani bahari ya kuendea nchi za Shamu. Ni chaguo zuri kwa sikio, lakini linampa msomaji ramani iliyokwisha kuamuliwa. Mwanafunzi anayeanza mjadala wa mafunjo kwa kuisoma Biblia ya Kiswahili peke yake hatajua kuna mjadala.

Sasa tuwageukie wenye maelezo ya kisayansi. Mwaka 1992 Doron Nof na Nathan Paldor walikokotoa kwamba upepo wa mita 20 kwa sekunde, ukivuma kwa saa 10 hivi kufuata urefu wa Ghuba ya Suez, unaweza kuyarudisha maji nyuma zaidi ya kilomita moja na kuyashusha zaidi ya mita 2. Hesabu ni ya kuheshimiwa. Lakini ghuba hiyo imeelekea kaskazini-magharibi, na upepo wa kuyaondoa maji kichwani mwake hauwezi kuwa matlai itokayo mashariki. Mwaka 2010 Carl Drews na Weiqing Han waliuheshimu upepo wa matini, wakahamisha mahali. Kwa kutumia kompyuta walionyesha kwamba upepo wa mashariki wa mita 28 kwa sekunde, ukivuma kwa saa 12 juu ya ziwa la kale lenye kona katika delta ya mto Nile, ungeweza kufichua tope lenye urefu wa kilomita 3 hadi 4 na upana wa kilomita 5 kwa muda wa saa 4, maji yakiwa pande zote mbili. Hili ndilo jaribio makini kuliko yote, kwa sababu linajitahidi kuzitosheleza sauti zote mbili za sura ya 14. Hata hivyo mita 28 kwa sekunde ni kama kilomita 100 kwa saa, na Waisraeli walikuwa wakielekea mashariki. Wazee, watoto na mifugo walipaswa kutembea topeni wakiwa wameukabili upepo huo uso kwa uso, na matini haisemi hata neno moja juu ya taabu hiyo.

Udhaifu mkubwa zaidi si wa kihesabu. Ukikubali upepo, bado unabakiwa na swali la wakati: kwa nini usiku huo na si mwingine? Anayeamini atajibu kwamba Mungu aliutuma. Asiyeamini atajibu kwamba ilitokea hivyo. Kanuni za fizikia zimeeleza njia ya maji na kuuacha muujiza palepale ulipokuwa, na ndiyo sababu utafiti mmoja unaweza kushangiliwa na wahubiri na wakanushaji kwa siku moja.

Kuhusu ushahidi wa akiolojia, maneno machache yanatosha. Jiwe la Merneptah, lililogunduliwa na Flinders Petrie huko Thebes mwaka 1896, ambalo ni la takriban mwaka 1208 K.K., linawataja Israeli kama watu waliokwisha kuwako Kanaani. Juu ya bahari halisemi kitu. Jangwa la Sinai halijatoa mabaki ya msafara wa wanaume 600,000 wanaotajwa katika Kutoka 12:37. Magurudumu ya magari ya Farao ambayo Mmarekani Ron Wyatt alidai kuyaona chini ya maji karibu na Nuweiba hayajathibitishwa na mwanaakiolojia yeyote, ijapokuwa picha zake hazichoki kusambazwa.

Ni vyema kukumbuka kwamba ubishi huu si mtoto wa sayansi ya kisasa. Artapano, mwandishi wa Kiyahudi wa Misri aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na ambaye maneno yake yamehifadhiwa na Eusebio, aliandika kwamba watu wa Memfisi husema Musa, kwa kuijua nchi, alingoja maji yapwe akawavusha watu wake. Lakini watu wa Heliopoli husema aliyapiga maji kwa fimbo. Akaziweka kauli zote mbili kando kwa kando. Yosefo, katika karne ya 1, alilinganisha tukio hili na bahari ya Pamfilia iliyompisha Aleksanda, kisha akamwachia kila msomaji aamue apendavyo. Waandishi hawa walikuwa karibu zaidi na tabia ya mhariri wa Kutoka kuliko wengi wa warithi wao.

Kurani Tukufu inatoa kipimo kingine. Katika Sura Ash-Shu'araa aya ya 63, Musa anaamrishwa aipige bahari kwa fimbo, ikapasuka, na kila sehemu ikawa kama mlima mkubwa. Upepo haumo, hivyo anayetafuta maelezo ya hali ya hewa hana pa kushika. Lakini Sura Yunus, aya ya 90 hadi ya 92, inaligeuza suala la ushahidi kwa ustadi mkubwa. Firauni, maji yakimfika, anakiri imani; naye anaulizwa: sasa ndipo? Hapa ni mtu aliyepewa ushahidi kamili kuliko wote, bahari nzima juu ya kichwa chake, na imani itokanayo na ushahidi huo inakataliwa. Kisha mwili wake unaokolewa uwe ishara kwa watakaokuja baadaye. Maurice Bucaille, katika kitabu chake cha mwaka 1976, aliigeuza ishara hiyo kuwa suala la maiti iliyohifadhiwa Kairo. Kwa kufanya hivyo aliirudisha aya kwenye aina ya uthibitisho ambao aya yenyewe, mistari miwili nyuma, imekwisha kuonyesha kwamba haukumfaa Firauni.

Isidhaniwe kwamba hoja hii inamruhusu mhakiki kujificha nyuma ya neno fasihi na kusema kwamba kilichotokea hakimhusu. Kwa msomaji anayeamini kinahusu sana, na matini yenyewe inadai kuwa inasimulia kilichotokea. Kumwambia msomaji huyo kwamba kisa ni kizuri tu ni kumdharau. La haki zaidi ni kumwonyesha mahali ambapo matini imeiweka imani. Kutoka 14 hufunga kwa Waisraeli kuwaona Wamisri wamekufa ufuoni, na hapo ndipo watu wanapomcha Mungu na kumwamini yeye na Musa mtumishi wake. Wanachokiona kabla ya kuamini ni maiti. Kuta za maji, ambazo karne zote zimezibishania, hazitajwi tena katika aya hiyo.

Wimbo unaimbwa, Miriamu anatwaa tari, wanawake wanamfuata wakicheza. Kisha masimulizi hayapumziki. Aya ya 22 ya sura ya 15 inawatoa watu hao hao baharini na kuwaingiza katika jangwa la Shuri, wanatembea siku tatu bila kuona maji, wanafika Mara na kuyakuta ni machungu. Nao wanamnung'unikia Musa, wakimwuliza watakunywa nini.