Fahali wa Kijivu Kando ya Tarach

Ukitoka Lodwar kwenda Kakuma unavuka mito mikavu, laga moja baada ya nyingine, mchanga mtupu, hadi ufike mji uliokaa kando ya mto Tarach. Hapo, chini ya mgunga, nilimsikiliza bibi mmoja akisimulia habari za Nayeche. Mpwa wake alinitafsiria kwa Kiswahili, ingawa mikono ya bibi haikuhitaji mkalimani.

Kisa chenyewe ni kifupi. Fahali wa kijivu, Engiro, alipotea kwenye nyanda za juu za Wajie, Uganda, akateremka na Tarach. Nayeche, mwanamke wa Kijie, akafuata nyayo zake. Vijana walipowafuata wakakuta malisho, na wengi hawakurudi. Hao ndio Waturkana.

Alipofika kwenye nyayo, bibi alinyamaza. Akakunja vidole, akabonyeza mchanga mara mbili, sambamba: kwato. Ya pili ikazama zaidi upande mmoja. Kijana wa kama miaka minane, mchunga mbuzi, akainama akapinga: ng'ombe aliyechoka hivyo huburuta mguu. Bibi akatazama, akavuta mfereji mwembamba nyuma ya kwato, na tangu hapo hadi mwisho Engiro aliburuta mguu.

Kisha hadithi ikasimama ili Nayeche ale. Edome, tunda la porini, huliwa likiwa limeiva, hivyo hivyo. Edapal, chakula cha njaa, huchemshwa muda mrefu, maji yakimwagwa na kubadilishwa tena na tena, la sivyo itakudhuru. Bibi alikaa sana hapa, kuliko hata kwenye fahali. Nilidhani amepotea njia. Kumbe watoto watano waliokuwa wakimsikiliza ndio watakaoihitaji edapal mvua ikikataa kunyesha.

Mwanahistoria John Lamphear alizitumia simulizi za namna hii kueleza jinsi Waturkana walivyotengana na Wajie. Mustafa Kemal Mirzeler, katika kitabu chake cha 2014 kuhusu Nayeche na Engiro, aliketi na wasimulizi wenyewe. Mimi humpenda zaidi huyu wa pili, maana kwake msimulizi hageuki kuwa gunia la ushahidi linalomwagwa na kutupwa. Hata hivyo, wote wawili walilazimika kuchagua rafu ya maktaba. Bibi hana rafu. Historia, mimea, unyayo na utani vinapita mdomo mmoja.

Kijana akauliza ilikuwa lini. Kwa mambo ya karibu bibi ana kalenda yake: ukame wa 1979 na 1980 ni Lopiar, ule uliofagia kila kitu, neno moja lililo shairi na hesabu ya mifugo kwa pamoja. Kwa Nayeche alijibu tu, "Kabla ya Lopiar. Kabla ya nyanya yangu."

Mbuzi walikuwa wameanza kutawanyika. Kijana akachukua fimbo akaondoka mbio, akizizunguka zile kwato mchangani.